Breki ya Upande Wako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo niruhusu nianze na sauti, salamu zitafuata, maana nisipoitoa kwanza haitaniacha niandike lolote la maana. Ni ile "tak" ya breki ya upande wako. Nilikuwa na miaka saba au minane, nimekaa kiti cha nyuma cha Bikizee, lile gari kuukuu la kufundishia, na daftari la hesabu magotini, nasubiri umalize wanafunzi wa jioni twende nyumbani. Mwanafunzi anasahau kwamba mbele kuna ukuta, anakodoa macho, anashika usukani kama anayetaka kuung'oa, nami huku nyuma nabana daftari kifuani. Halafu tak. Sauti fupi, kavu, ya chuma kukutana na chuma. Gari limesimama, na penseli yangu imeviringika chini ya kiti. Hukupiga kelele hata siku moja. Ulivuta pumzi, ukasema, haya, tuanze tena.

Sauti hiyo nimeisikia tena Jumanne iliyopita, mahali ambapo sikuitegemea. Nitakufikisha huko, nivumilie.

Sasa salamu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Natumaini umeacha kulipaka kila dawa unayouziwa na kila mwenye meza barabarani. Na Bikizee anapumuaje? Mara ya mwisho ulisema anakohoa sana asubuhi, na hawaki mpaka umwite kwa jina na kumpapasa dashibodi, na kwamba wanafunzi wapya wanaandika hilo kwenye daftari wakidhani ni sehemu ya somo. Mimi sijambo kabisa. Chumba changu kimewekewa kitasa kipya, jirani wa juu ameacha kuburuta viti, na nimeongezeka kilo mbili, kwa hiyo ule wimbo wako wa kwamba nimekonda mwaka huu utafute mwingine wa kumwimbia.

Pamoja na barua hii kuna karatasi ya bei ya mwaka huu. Najua umeshaisoma kabla ya kunisoma mimi, miwani puani na kalamu nyekundu mkononi. Wenzangu ofisini hawaamini kwamba karatasi ninayoiandika kila mwaka, ya kueleza gari letu dogo la milango minne limeongezewa nini na linauzwa kiasi gani, ina mtu anayeisahihisha, anaipa alama na kuirudisha kwa posta. Meneja aliwahi kuiokota mezani kwangu ile ya mwaka juzi. Ilikuwa na alama sitini na nane, na chini yake umeandika kwa mwandiko wako wa ubaoni: amejitahidi, arudi tena. Akaniuliza kama mama yangu ni mkaguzi wa serikali. Nikamwambia ni afadhali angekuwa mkaguzi. Ni mwalimu wa udereva.

Wanafunzi wako wanafaulu kwa sabini na tano. Gari letu halijawahi kufika hapo.

Nimekuwa nikiyakumbuka hayo masahihisho yako moja moja wiki hii. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu ya uhandisi, nikidhani nitaunda magari, nikapewa kompyuta na kuambiwa niandike maneno ya kuyauzia. Mwaka ule walibadilisha taa za mbele tu, zikawa nyembamba kama macho ya mtu anayezuia chafya. Bei yake nilikupimia kwa kipimo chetu cha nyumbani, mishahara yako ya mwezi: ilikuwa mishahara ishirini na minne. Ukajibu kwamba taa ni nzuri, lakini wewe hujaona mtu aliyefaulu mtihani kwa kurembua macho.

Mwaka wa pili wakaweka kioo cha kugusa katikati ya dashibodi, bei ikapanda hadi mishahara ishirini na saba. Ukaandika kwamba mwanafunzi hajajua kutazama barabara, na hawa wamemletea televisheni. Lakini mwaka huohuo, Mama, ulinipigia simu ukiwa umesimama nje ya benki, ukahema kama uliyepanda ghorofa nne, ukasema imefika. Akiba yako uliyoianza nikiwa bado shuleni imefika bei ya gari. Ukaniuliza: tununue? Nami nikasema subiri mwakani, wanaongeza mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayofumuka gari likigongwa, na gari la kufundishia halifai kukosa mifuko hiyo. Ukasema sawa, mwanangu, wewe ndiye mtaalamu.

Mifuko ilikuja kweli, sikudanganya. Ilikuja kwenye toleo la bei ya juu peke yake. Nikasema subiri, itashuka hadi toleo la chini. Ikashuka, ila wakatoa tairi la akiba, wakaweka pampu ndogo na chupa ya gundi, na ndiyo ile karatasi iliyopata sitini na nane. Uliuliza somo la kubadili tairi utalifundisha kwa gundi, kama walimu wa chekechea? Mwaka jana tairi likarudi na dhamana ikaongezwa miaka miwili, nawe ukalipa gari sabini na nne. Sabini na nne! Nilikupigia simu nikidai alama moja ya huruma, ukakataa, ukasema ukianza kugawa alama za huruma watu watakufa barabarani. Tulicheka mpaka salio langu likaisha. Kicheko kile sasa kinanisumbua, na chini huko utaona kwa nini.

Mwaka huu wamebadilisha wavu wa mbele na kuweka tundu la kuchajia simu kiti cha nyuma. Hakuna kingine. Na kwa wavu na tundu, bei ni mishahara thelathini na tisa. Kila mwaka wewe unapiga hatua na bei inapiga hatua, tatizo ni kwamba yenyewe ina miguu mirefu.

Najua pia kwamba mwaka huu mambo ya kwako si ya mzaha. Uliniambia mwenye shule amekaa nawe ofisini kwake, akanywa soda yake yote bila kukukaribisha, kisha akasema Bikizee akifa hatanunua gari jingine. Ana yale mawili ya otomatiki na vijana wawili wa kuyafundishia, wanamtosha. Ulinisimulia hilo ukicheka, ukamwigiza anavyobeua. Lakini mimi ni mtu niliyekulia kiti cha nyuma, nimezoea kusoma uso wako kupitia kioo. Hata kwenye simu niliuona. Wewe una miaka hamsini na sita, hujawahi kufundisha gari lisilo na klachi, na huamini kwamba anayejua otomatiki peke yake anajua kuendesha. Ukipata gari lako mwenyewe unafungua shule yako, hata kama ni ya gari moja na ubao mmoja. Usipolipata, Bikizee akizima unazima naye.

Ndipo ukaniuliza, miezi mitatu iliyopita: sasa je, mwaka huu tununue, hata kwa kukopa? Nikakujibu upesi, kabla hujamaliza swali. Nikasema subiri mwakani, Mama.

Sasa nikueleze ya mkunga.

Alikuja shorumu Jumatano ya wiki ile nyingine, mama mnene wa makamo, mwenye kicheko kinachoingia mlangoni kabla yake. Alisema ametoka mbali kwa kuwa kwao hakuna duka la magari mapya, akataja mji, na ulikuwa mji wetu. Sikumwambia kwamba ni kwetu. Sijui kwa nini, labda kwa ile tabia yangu unayoijua ya kutazama kwanza. Alisema amezalisha watoto miaka thelathini kwa kutembea na kupanda pikipiki za watu, amechoka kufika mtoto akiwa ameshajizaa mwenyewe, na sasa anataka gari dogo, la gia za mkono, kwa kuwa ndilo la bei nafuu na ndilo alilofundishwa.

Muuzaji alikuwa na wateja wengine, nikaombwa mimi nimpeleke ajaribu. Kabla ya kuwasha alivua viatu, akatoa kandambili nyembamba kwenye mkoba, akavaa. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba mwalimu wake anasema mguu usiohisi kanyagio ni gogo. Mama, nilihisi masikio yanapata moto. Maneno yale nimeyasikia mara elfu, nikiwa na daftari magotini.

Tukaenda vizuri mpaka kwenye ule mwinuko kabla ya mzunguko. Mbele yetu palikuwa na gari la mizigo limebeba madirisha ya kioo. Mkunga akaachia klachi kwa pupa, gari likaruka kama limechomwa sindano, madirisha yakatujia usoni. Na mguu wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukakanyaga kwa nguvu zote. Ukakanyaga zulia. Hapakuwa na breki pale, hapakuwa na sauti yoyote. Ni yeye mwenyewe aliyesimamisha gari, akabaki ameshika usukani anatweta, na mimi nimebaki mguu umenyooka, kisigino kinauma.

Alinitazama mguu, akaanza kucheka mpaka machozi. Akasema nimekaa vilevile kama mwalimu wake, hata mdomo nimeukunja vilevile, na kama si umri angeapa kwamba nimezaliwa naye. Halafu akaanza kunisifia wewe. Jinsi anavyokuita Mwalimu Breki pamoja na darasa zima. Jinsi ulivyomfundisha kurudi nyuma kwa kumwambia ajifanye anampokea mtoto aliyetanguliza miguu, taratibu na bila kuvuta. Akasema wanafunzi wako wote wanajua kwamba utafungua shule yako, na wako wanaosubiri, wameshakwambia watakuletea watoto wao. Kilichobaki ni kwamba mwalimu ana binti, msomi, anafanya kazi na magari, anayajua kuliko walioyaunda. Huyo binti akisema gari limeiva, siku hiyohiyo mwalimu ananunua. Wanafunzi humuuliza, mwalimu, lini? Naye hujibu, namsubiri Kioo wangu aseme.

Nilimwomba aegeshe pembeni kidogo.

Alidhani ni kwa ajili ya mshtuko, akanipa maji yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mteja sasa, kama ni busara kununua mwaka huu au asubiri toleo la mwakani. Na mimi, Mama, nikamwambia ukweli bila kutafuna maneno. Nikamwambia asisubiri. Mwakani gari hili halitakuja tena na gia za mkono; barua ya kiwanda ninayo, huu ndio mwaka wa mwisho, na yaliyobaki ghalani ni kumi na moja.

Dakika moja tu. Ilinichukua dakika moja kumwambia mtu nisiyemjua jambo nililokuficha wewe miezi mitatu. Maana barua ile ya kiwanda ilifika siku nne kabla hujanipigia simu, Mama. Ilikuwa kwenye droo ya meza yangu. Wakati nakwambia subiri mwakani, mkono wangu ulikuwa juu ya droo.

Kwa simu singeweza kukueleza haya. Kwa simu ungenikatiza kwa huruma yako, ungesema si kitu, mwanangu, umechoka, nenda ukale. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Unakumbuka ile miezi mitano mwenye shule alipofunga, nikiwa darasa la sita? Ulikuwa ukiondoka asubuhi umevaa vilevile kama unaenda kazini, unarudi jioni, unasema siku ilikuwa njema. Mimi nilikuwa najua. Nilikufuata siku moja, nikakuona umekaa ndani ya Bikizee uani kwa shule, vioo vimefungwa, mikono juu ya usukani, huendi popote. Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu zote za kitabu, hata tusizopewa. Tangu siku ile mshahara wako, mdogo kama ulivyo, nimeuona kama nguzo ya nyumba, na yeyote anayetaka kuigusa nguzo hiyo, hata wewe mwenyewe, nilimwona adui. Uliponipigia simu kutoka benki ukihema kwa furaha, mimi nilikuona ndani ya gari lililofungwa vioo. Nikasema subiri. Mifuko ya hewa ilikuwa kisingizio kizuri, cha kweli, na ndiyo maana kilinifaa.

Hiyo ni nusu, na ndiyo nusu inayonipendeza kuisimulia. Nusu ya pili ni hii. Niliogopa ukianguka utaniangukia mimi. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba ya kurudi chuoni, nilikuwa na chumba changu na ukimya wangu, na niliona shule ya gari moja itakavyonila: leo tairi, kesho kodi, keshokutwa bima. Mtu aliyenisomesha kwa mguu wake juu ya breki miaka yote ile, mimi nilipiga hesabu atanigharimu nini. Kila mwaka ulipokaribia kuondoka, mimi nilikanyaga. Na nilikanyaga kwa sauti ya upole, ukaniamini, ukaniita mtaalamu. Ndiyo maana mwaka jana nilicheka sana kwa sabini na nne. Nilikuwa nimeogopa ungetoa sabini na tano.

Na kuna jambo jingine nililokuficha, dogo kwa maandishi. Hapa kazini kuna utaratibu wa zamani, aliuacha mwenye kampuni wa kwanza: mfanyakazi akitimiza miaka mitano, anaruhusiwa mara moja katika maisha yake kununua gari moja kwa bei ya mwaka alioajiriwa, liwe lake au la mzazi wake. Tunaiita bei ya kuingilia. Mlinzi wetu wa getini aliitumia, akanunua, na sasa gari lake linavalishwa shuka na kutembezwa Jumapili kama bibi harusi. Mimi nilitimiza miaka mitano mwaka jana. Sikukwambia. Nilijiambia naitunza kwa dharura, na sikutaka kujiuliza dharura ni ipi kubwa kuliko yako.

Haya, tuanze tena.

Mkunga alipokuwa akijaza fomu zake nilimwomba, akirudi, asimwambie mwalimu wake habari ya gia, kwa kuwa binti yake atamwandikia mwenyewe. Alinitazama, akatazama mguu wangu, kisha akapiga meza kwa kiganja mpaka wateja wakageuka, akasema kumbe Kioo ndiye huyu! Akanikumbatia juu ya fomu, wino ukachafuka, ikabidi ajaze upya. Aliniahidi atanyamaza mpaka barua ifike. Sijui kama ameweza, kwa lile koo lake, na akikusalimia kwa kukonyeza jicho usishangae.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa meneja kuomba fomu ya bei ya kuingilia. Alinikumbusha kwamba ni mara moja tu, kwamba wengi wa umri wangu hujinunulia wenyewe, na kwamba gari la kufundishia hupigwa na kila mjinga. Nikamwambia mjinga wa kwanza kulipiga nilikuwa mimi, na yule mwalimu hakunishusha. Akasaini. Nikiwa hapohapo nikamwomba jambo la pili: kwamba karatasi ya bei ya mwaka huu iseme wazi kuwa gia za mkono zinaisha. Alinung'unika, kwani desturi yetu ni kuandika kinachoongezwa, kinachoondoka mteja hukigundua mwenyewe. Nikamwambia wako watu wanaosubiri, Meneja, na tunawaacha wasubiri kitu kisichokuja. Itazame karatasi yako, mstari wa mwisho kabisa. Ni mstari wangu, na ndio pekee katika miaka sita ninaojivunia.

Kisha nikashuka gereji. Fundi wetu mkuu ni mzee wa maneno machache, na aliponisikia nataka kanyagio la pili la breki upande wa abiria alinijibu kwamba yeye ni fundi wa magari, cherehani za miguu miwili nimpelekee mama yangu. Nikamwambia ndicho kisa chenyewe, ni la mama yangu. Akatumia saa zake za chakula siku tatu, akachonga, akachomelea, akafunga. Jumanne akaniita nikaribie. Nikaingia, nikakaa kiti chako, yule mzee akainama mlangoni akaniamuru nikanyage.

Tak.

Nikakanyaga tena, Mama, na tena. Fundi aliniuliza kama ni kali mno, akalegeze. Nikamwambia aiache vilevile.

Nimekuandikia kwa kirefu ili ujue kwamba siombi ruhusa. Gari ni jeupe, la gia za mkono, lina mifuko sita ya hewa na tairi la akiba, na tangu Alhamisi ile kadi yake ina jina lako. Nusu ya bei ya kuingilia nimeilipa kwa akiba yangu ya chuo. Chuo hakina magurudumu, kitanisubiri. Nusu nyingine nimewaahidi kwamba utailipa wewe, kwa kuwa nakujua, gari la kupewa bure ungelirudisha kabla halijapoa. Itabaki akiba ya kutosha kwa kibali, ubao, na miezi kadhaa ya kungoja wanafunzi. Lini utaacha kazi kwa yule bwana wa soda, hilo sikwambii, wala sitakwambia tena subiri au nenda. Ukiniuliza nitakueleza gari lina nini, basi. Na ukianguka, Mama, niangukie. Nimelitafakari hilo wiki nzima nikiwa na akili zangu, na naona ninao mgongo.

Karatasi hii usiirudishe kwa posta. Kalamu nyekundu ibaki mkobani, Jumamosi utalisahihisha gari lenyewe.

Nisalimie majirani wote, wa mbele na wa nyuma, hasa yule anayekuletea dawa za goti. Mwambie namshukuru ila apumzike. Nisalimie wanafunzi wa jioni. Mpapase Bikizee dashibodi kwa niaba yangu na umwambie hakuna anayemfukuza, anapata mwenzake. Nakuombea usingizi mzuri na goti jepesi. Usinitumie mtu wa kunipokea, nitakuja naendesha mwenyewe. Likizo nimeshaichukua, funguo ziko hapa mezani karibu na barua, na nikifika getini nitahamia kiti cha nyuma.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Kioo